Somo la Mwezi Huu: Maji kwa Zamu

Wakulima, tazameni Wamarakwet wa Bonde la Kerio. Tangu zamani za mababu huzuia maji ya mito ya mlimani kwa magogo, mawe na matawi, na kuyashusha kwa mifereji hadi mashamba ya mtama na wimbi yaliyo chini. Mfereji ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Ukibomoka, wanaume hutoka pamoja kuutengeneza. Kila mtu ana zamu yake, na mwizi wa maji hutozwa faini.

Je, sisi wa skimu? Wewe uliye karibu na mto ukifungua maji usiku nje ya zamu, mahindi ya jirani wa mwisho yatakauka. Basi andikeni zamu, safisheni mfereji kabla ya kiangazi, na chagueni wazee wa kukata maneno.