Ukiletewa Samansi: Maneno ya Kesi ya Madai na Siku Zake

Karatasi ya mahakama ikifika nyumbani, watu wengi huuliza kwanza kama watafungwa. Shauri la madai si la jinai. Ndani yake hakuna mshtakiwa wala mwendesha mashtaka. Kuna mdai, anayedai haki yake, na mdaiwa, anayedaiwa. Linaweza kuwa deni, fidia, kodi ya pango au mkataba uliovunjwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini Kiswahili cha mahakamani kina maneno yake, na mengi kati yake yamefungwa na siku. Usipozijua siku hizo, unaweza kushindwa ukiwa na haki mkononi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, amekubaliana na mwenye nyumba ya wageni amtengenezee vitanda na makabati kwa shilingi milioni 60. Amelipwa milioni 22 na mzigo ameupeleka. Salio la milioni 38 halitoki: mwanzoni simu zilipokelewa kwa ahadi, siku hizi hazipokelewi kabisa.

Neno la kwanza linalomhusu ni ukomo wa muda, yaani kipindi ambacho sheria inampa mtu kufungua shauri. Dai la mkataba lina miaka 6. Madhara yasiyotokana na mkataba, kama kugongwa na gari au kukashifiwa, yana miaka 3. Kudai ardhi ni miaka 12. Ahadi za kwenye simu hazisimamishi hesabu hiyo. Ila mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu yake, miaka huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana fundi mwerevu haridhiki na “nitakulipa mwezi ujao, kaka”, anaomba iandikwe.

Kisha kuna mamlaka ya mahakama. Dai la fedha lisilozidi milioni 30 linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo, ambako hata asiyejua kuandika huweza kueleza dai lake kwa mdomo likaandikwa. La fundi wetu limezidi hapo, kwa hiyo ataanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Migogoro ya ardhi ina mabaraza yake. Na ukitaka kuishtaki Serikali, sharti utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe.

Fundi anafungua shauri kwa hati ya madai. Hati hii haitaki masimulizi marefu wala lawama. Inataka majina ya pande zote, mkataba ulifanyika lini na wapi, nini kilivunjwa, thamani ya dai, na nafuu anazoomba: salio, riba, gharama za shauri. Usichokiomba humo usitegemee kupewa. Mwishoni anathibitisha kwa saini kwamba aliyoyaeleza ni ya kweli kwa kadiri anavyojua.

Mahakama humtumia mdaiwa wito, ule ambao mtaani tunauita samansi. Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Wapo wanaojificha chumbani mpeleka samansi akibisha hodi, na wapo wanaokataa kusaini wakidhani bila saini yao kesi haiendi. Inaenda. Mpeleka samansi anaweza kuibandika mlangoni, akaapa kwamba amefanya hivyo, na mahakama ikiridhika shauri likasikilizwa upande mmoja. Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa, lakini mdaiwa atapaswa kuonyesha sababu ya msingi ya kutofika kwake, na kukwepa samansi si sababu.

Akishakabidhiwa, mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha majibu ya maandishi, yaani utetezi. Majibu ya “nakana madai yote” hayatoshi. Kila dai linajibiwa peke yake na kwa wazi, kwa sababu usilolikana mahakama huweza kulichukua kuwa umelikubali. Mwenye nyumba ya wageni akisema vitanda 5 vilikuja vimepasuka, aandike vingapi, lini, na kama alimjulisha fundi. Naye akiwa na dai lake dhidi ya fundi, analiweka humo humo kama madai kinzani.

Wakili wake anaweza pia kuleta pingamizi la awali: hoja ya kisheria tupu, kwa mfano kwamba muda umekwisha au mahakama haina mamlaka. Likikubaliwa, sikiliza kwa makini neno atakalotumia hakimu. Shauri likiondolewa mahakamani kwa dosari ya kisheria, kwa kawaida unaweza kurekebisha kasoro na kulifungua tena, ilimradi ukomo haujakukuta. Shauri likitupiliwa mbali, mlango wako ni rufaa au maombi mengine kulingana na sababu. Nimeona watu wakitoka mahakamani wakisema “kesi imefutwa” bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili limewapata, na siku zao zinapita.

Kabla ya ushahidi, mahakama huzipeleka pande zote kwenye usuluhishi. Wengi huuona kama kupoteza muda. Kwa maoni yangu ndiyo hatua yenye faida kuliko zote kwa watu wa biashara. Makubaliano yakisajiliwa yanakuwa amri ya mahakama inayoweza kutekelezwa, na kwa kuwa mmekubaliana wenyewe, hayakatiwi rufaa.

Usuluhishi ukishindikana, hakimu anaandika hoja zinazobishaniwa, na ushahidi unaelekezwa humo tu. Anayedai ndiye anayethibitisha. Kipimo ni mizania ya uwezekano: mwenye ushahidi mzito zaidi ndiye anayeshinda, si lazima kuondoa kila shaka kama kwenye jinai. Hapa kuna mtego. Hati ya kupokelea mzigo uliyoibana kwenye hati ya madai ni kiambatisho tu. Inakuwa kielelezo pale shahidi anapoitoa mahakamani na hakimu kuipokea. Ukisahau kuitoa, hakimu hawezi kuitegemea hata kama ameiona kwenye jalada. Ujumbe wa simu nao hupokelewa, ukithibitisha kuwa ni halisi.

Hukumu ina sababu za uamuzi; tuzo, au dikrii, ni karatasi fupi inayosema nani alipe nini. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu katika shauri kama hili ni siku 90. Rufaa peke yake haizuii tuzo kutekelezwa. Sharti uombe amri ya kusimamisha utekelezaji.

Mshinda tuzo naye asikae akisubiri. Mahakama haikukusanyii fedha. Unaomba ukazaji wa hukumu, na dalali wa mahakama akaamriwa kukamata mali. Hawezi kuchukua kila kitu: nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake vina kinga, ingawa nyumba iliyowekwa rehani ina masharti yake. Haki ya kukaza tuzo nayo huisha baada ya miaka 12.

Kwa hiyo, ukipokea karatasi yoyote ya mahakama, andika juu yake tarehe uliyoipokea, tunza nakala, na usiiache kabatini. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Wafuate wiki hiyo hiyo, si siku ya 20.