HABASODA: Ujue mmea wenyewe kabla ya kununua mbegu



Ndugu msomaji, ni nadra kuikuta nyumba ya Kiislamu isiyo na kichupa cha habasoda. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa mbegu nyeusi ina shifaa ya maradhi yote isipokuwa mauti. Lakini je, umewahi kujiuliza inatokana na mmea gani? Swali hili ni muhimu, kwani si kila mbegu nyeusi ya sokoni ni habasoda.

Wataalamu huupa kila mmea jina lenye sehemu mbili. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo mdogo, na la pili ni la spishi, yaani aina yenyewe. Habasoda ni Nigella sativa, jina alilolichapisha Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Nigella limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weusi. Sativa maana yake ni iliyolimwa.

Jenasi hii ina aina zisizofika 30, na asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania hadi Asia ya Magharibi. Ni mimea midogo ya msimu mmoja, yenye majani yaliyochanikachanika kama nyuzi. Habasoda huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 60 hivi. Ua lake ni jeupe au la buluu hafifu. Vile vipande vitano vinavyopendeza macho si petali bali ni sepali. Petali zenyewe ni ndogo na hutunza asali ya ua. Tunda ni kifuko chenye vyumba 3 hadi 7 vilivyojaa mbegu.

Sasa tazama yanayochanganywa nayo:

1. Nigella damascena. Huyu ni ndugu wa jenasi moja, hupandwa kama ua la bustani. Tunda lake limevimba kama puto. Mbegu zake ni nyeusi pia, lakini kemikali zake ni tofauti. Usiitumie badala ya habasoda.

2. Bizari nyembamba nyeusi. Hii ni ya familia nyingine kabisa, ile ya karoti na giligilani. Mbegu zake ni ndefu na zina mistari.

3. Ufuta mweusi. Mbegu zake ni bapa na laini, hazina ukali.

4. Mbegu za vitunguu. Hizi ndizo zinazofanana nayo zaidi, na ndizo za hatari, kwa sababu mbegu za kupandia mara nyingi hupakwa dawa ya kuua kuvu. Hazifai kuliwa.

Utaitambuaje? Saga chache kwa vidole: habasoda hutoa harufu kali na ladha yake ni chungu kidogo. Ukibaki na shaka usionje, bali panda chache kwenye kopo. Kitunguu huchomoza na jani moja jembamba lililojikunja. Habasoda huchomoza na majani mawili. Ukinunua iliyofungashwa, tafuta jina Nigella sativa.

Mwisho, tahadhari. Habasoda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo mwenye kutumia dawa za kisukari au presha amweleze daktari wake, wala asiache dawa kwa kuitegemea habasoda peke yake. Mama mjamzito asiitumie kwa kiwango cha dawa bila ushauri wa daktari. Kufanya hivyo si kuipinga hadithi, Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametuhimiza kujitibu, na miongoni mwa maulamaa wapo, kama al-Khattabi, walioeleza kuwa tamko la hadithi hiyo ni la jumla lakini lina makusudio maalumu.

Hifadhi mbegu zako pakavu, katika chupa iliyofungwa vizuri. Zikiota ukungu, zitupe.

Allah (s.w.) atupe afya njema na elimu yenye manufaa. Amin.