Jiwe Linalochagua Mafuta

Wahenga walinena kuuliza si ujinga. Je, povu la sabuni ya unga huenda wapi tukishafua? Maji ya Mto Migori huungana na ya Mto Kuja, yakaishia Ziwa Victoria. Sisi tunafua huku juu, wengine wanachota kule chini. Swali hili basi si la mtihani tu.

Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama. Sabuni ya unga ni mambo mengine: kisafishaji chake aghalabu hutokana na haidrokaboni za mafuta ya taa. Naam, yale yale ya kibatari!

Miaka ya 1950, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitumia minyororo ya kaboni yenye matawi mengi. Bakteria walishindwa kuivunja, povu likajaa mitoni. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia 1965 viwanda vya Marekani vilikuwa vimehamia minyororo iliyonyooka, ambayo bakteria huila.

Lakini katika mafuta ya taa minyororo ya kila aina imechanganyika. Utaitoaje iliyonyooka? Hapo ndipo zeoliti inapokuja. Hili ni jiwe la alumini, silikoni na oksijeni, lenye vitundu vidogo mno vinavyolingana. Axel Cronstedt wa Uswidi ndiye aliyelipa jina mwaka 1756, maana yake kwa Kigiriki ni jiwe linalochemka, kwani likipashwa moto hutoa mvuke. Hata kwetu Afrika Mashariki lipo, huko Magadi na Olduvai, ingawa viwanda hutumia lililotengenezwa. Mnyororo ulionyooka hupenya kitunduni ukanaswa. Wenye matawi hukwama nje ukapita zake. Kisha ule ulionaswa hutolewa.

Baadaye mnyororo hupunguzwa haidrojeni, ukaunganishwa na benzini kwa msaada wa kichocheo. Kwa miaka mingi kichocheo kilikuwa asidi ya haidrofloriki, sumu kali inayopenya ngozi na kudhuru hata mfupa. Mwaka 1995, kiwanda cha Bécancour nchini Kanada kilianza kutumia kichocheo kigumu badala yake. Zeoliti nayo yaweza kuifanya kazi hiyo, maana ina asidi ndani ya vitundu vyake, na haimwagiki wala haifuki. Hatimaye huongezwa asidi ya salfuriki, halafu sodiamu haidroksaidi, na kisafishaji kiko tayari.

Je, sasa tufulie mtoni bila wasiwasi? La hasha! Bakteria wanahitaji oksijeni na muda. Kwenye matope yasiyo na hewa kazi hiyo huzorota, na samaki hawawezi kungoja. Shime wenzangu, tuchote maji kwa karai, tufulie mbali na mto, na maji machafu tuyamwage kwenye udongo. Jiwe limefanya sehemu yake. Iliyobaki ni yetu.