Kusawazisha Magurudumu

Gari limeondoka Rangwi alfajiri, katika mwezi wa Aprili, likiwa limepakia kabichi na karoti. Limepita Lukozi na Magamba, likashuka mpaka Lushoto, na kutoka hapo likafuata barabara ya lami yenye kona nyingi inayopita Soni hadi Mombo. Katika safari yote hiyo ya milimani dereva hakuona jambo lolote la kumtia wasiwasi. Lakini mara baada ya kuiacha Mombo na kushika barabara kuu iendayo Korogwe, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Alipopunguza mwendo, mtetemeko ulikwisha. Alipoongeza mwendo, ulirudi. Alisimama akayakagua magurudumu: matairi yalikuwa na upepo wa kutosha, na nati zote zilikuwa zimekazwa.

Gari hili lina kasoro gani? Na kwa nini kasoro hiyo ilijificha milimani ikajitokeza tambarare? Katika somo hili utajifunza kuitafuta kasoro ya namna hii, na kuiondoa kwa kifaa chenye bei ndogo ambacho msingi wake ni kiputo cha hewa ndani ya maji.

Upande mzito hutafuta chini

Jaribio la 1. Mwombe mtu mzima akuazime baiskeli. Igeuze juu chini, isimame kwa kiti na usukani wake. Tumia gurudumu la mbele, kwa sababu la nyuma huzuiwa na mnyororo. Lizungushe polepole, kisha uliache lisimame lenyewe. Litapokaribia kusimama utaona linayumba, likienda mbele na kurudi nyuma. Linaposimama kabisa, tia alama ya chaki mahali palipo chini. Rudia jaribio hili mara tano.

Ikiwa alama yako hurudi chini kila mara, basi gurudumu hilo lina upande mzito. Mara nyingi utakuta kwamba upande huo ndio wenye valvu, yaani mahali pa kujazia upepo. Ikiwa gurudumu husimama popote bila mpango, huenda liko sawa. Lakini usiharakishe kusema hivyo. Huenda pia beringi zake zimekauka, nazo hulishika gurudumu lisiweze kuufuata uzito wake. Mwombe fundi wa baiskeli atie mafuta kidogo, kisha ujaribu tena.

Sasa chukua udongo wa mfinyanzi, ubandike kwenye ringi, upande unaoelekeana na alama ya chaki. Ongeza au punguza kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo ukiliacha gurudumu katika hali yoyote, hubaki hapo hapo. Umelisawazisha gurudumu. Uzito wake sasa umegawanyika sawasawa pande zote za ekseli, na hakuna upande unaovutwa chini zaidi ya mwingine.

Mwendo huongeza nguvu

Bila shaka utauliza: kipande kidogo cha udongo kinaweza kulitikisa gari zima? Nenda uwanjani, mbali na wenzako. Funga jiwe dogo barabara kwenye kamba, ulizungushe polepole juu ya kichwa chako. Utasikia kamba ikikuvuta mkono. Zungusha kwa kasi zaidi. Kamba itakuvuta zaidi, ingawa jiwe ni lile lile. Upande mzito wa gurudumu huivuta ekseli kwa namna hiyo hiyo. Ukiwa juu, huivuta juu. Ukiwa chini, huivuta chini.

Tufanye hesabu. Tuseme tairi lina upana wa sentimita 70 kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili, kupitia katikati. Mzingo wake ni sentimita 220, yaani meta 2.2. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, husafiri meta 22 hivi kwa kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 10 kwa sekunde moja. Tuseme tena kwamba ndani ya ringi kumebandika udongo wa gramu 50, ulio sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu. Kwa mwendo huo, udongo huo mdogo huivuta ekseli kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4. Huivuta huku na huku, mara 10 kila sekunde.

Gari likienda kilomita 40 kwa saa, nguvu hiyo haiwi nusu yake. Huwa robo, yaani uzito wa kilo 1. Kwa kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wa magari mengi katika kona za mlimani, nguvu hubaki robo kilo tu. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Hapo tumepata jibu la swali letu. Wakati wa masika barabara za udongo za Rangwi huwa na tope jekundu lenye kunata. Magurudumu hulichota, na sehemu yake huganda ndani ya ringi, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Tope likikauka upande mmoja, gurudumu hupata upande mzito. Milimani gari huenda polepole, basi dereva hasikii kitu. Kwenye barabara iliyonyooka mwendo huongezeka, na kasoro hujidhihirisha. Dereva yule angetafuta maji na kijiti, akasugua ndani ya ringi, huenda safari yake ingaliendelea kwa amani.

Si mara zote ambapo tope ndilo lenye kosa. Tairi lenyewe huweza kutoka kiwandani likiwa na upande mzito kidogo. Tairi lililozibwa pancha huongezewa uzito wa kiraka. Tairi lililolika upande mmoja hupungukiwa uzito upande huo. Ndiyo maana gurudumu husawazishwa kila tairi linapovuliwa na kuvikwa upya.

Kiputo hukimbilia wapi?

Gurudumu la gari ni zito, na breki zake hulizuia lisizunguke kwa wepesi kama la baiskeli. Kwa hiyo fundi hulivua, akalilaza juu ya kifaa maalumu, na kutumia kiputo kumwonyesha upande mwepesi.

Umepata kumwona mwashi akilaza pimamaji juu ya ukuta. Ndani ya pimamaji mna kichupa kilichojaa kioevu, aghalabu spiriti, na kiputo kimoja cha hewa. Hewa ni nyepesi kuliko kioevu. Upande mmoja ukiinama, kioevu hukimbilia huko, na kiputo husukumwa kwenda upande ulio juu. Kichupa hicho kimepindwa kidogo sana mfano wa upinde, ili ukuta ukiwa sawa kiputo kitulie katikati.

Jaribio la 2. Tafuta kifuniko cha kopo kubwa la rangi. Toboa matundu matatu ukingoni, yaliyoachana kwa nafasi sawa. Mwombe mwalimu akusaidie kutoboa, kwa sababu bati hukata. Funga nyuzi tatu zenye urefu sawa, uziunganishe kwa fundo moja kiasi cha sentimita 40 juu ya kifuniko, kisha ukining'inize ndani ya darasa pasipo upepo. Jaza maji kichupa kidogo cha dawa, ukiacha nafasi ndogo ya hewa, ukifunge vizuri na kukilaza katikati ya kifuniko. Sasa bandika kipande cha udongo ukingoni, usawa na ncha moja ya kichupa.

Kifuniko kitainama upande wenye udongo, na kiputo kitakimbilia upande wa pili. Kumbuka jambo hili, maana wengi hulikosea: kiputo huonyesha upande mwepesi, wala si upande mzito. Kwa kuwa kichupa chako hakikupindwa, kiputo hakitatulia katikati kwa urahisi, bali kitakimbia hadi mwisho. Hilo halidhuru, maana tunataka kujua upande tu.

Kisha fupisha nyuzi hadi sentimita 10, urudie jaribio kwa kipande kile kile cha udongo. Safari hii kifuniko huinama zaidi. Kadiri kitu kinavyoning'inizwa karibu na kitovu cha uzito wake, ndivyo kinavyoweza kuonyesha tofauti ndogo ya uzito. Waliobuni kifaa cha fundi waliijua kanuni hii. Kifaa hicho kina mguu ulio wima, na juu yake kichwa chenye umbo la pia kilichokaa juu ya ncha moja, kikiwa huru kuinama kila upande. Gurudumu hulazwa ili tundu lake la katikati likae juu ya pia hiyo. Ncha inayolibeba iko juu kidogo tu ya kitovu cha uzito wa gurudumu. Juu ya kichwa mna pimamaji ya duara, ambayo kiputo chake huweza kwenda upande wowote.

Kazi ya fundi

Kulivua gurudumu la gari ni kazi ya watu wazima. Wewe tazama, uulize maswali, na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki hata kwa nukta moja. Gari lisimame mahali tambarare. Rangwi mahali pa namna hiyo si pengi, lakini ni afadhali kwenda mbali kidogo kuliko kuinua gari kwenye mteremko. Fundi hufunga breki ya mkono, huweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki, na hulegeza nati kabla ya kuinua.

Gurudumu huoshwa kwanza, ndani na nje. Changarawe zilizokwama katika meno ya tairi hung'olewa, na vipande vya zamani vya uzito hubanduliwa. Tairi hujazwa upepo kama ipasavyo. Baada ya hapo gurudumu hulazwa juu ya kifaa, ndani ya chumba kisichopitisha upepo, na kila mtu husubiri kiputo kitulie.

Tuseme kiputo kimeelekea upande wa valvu. Fundi huweka kipande cha gramu 20 juu ya ringi upande huo huo, hutazama, kisha huongeza gramu 10, na 10 tena, mpaka kiputo kikae katikati ya duara. Jumla imekuwa gramu 40. Fundi mwangalifu hagongei gramu zote 40 upande mmoja wa ringi. Huzigawanya: 20 ukingo wa nje na 20 ukingo wa ndani, mahali pale pale, ili uzito ulioongezwa usilemee ubavu mmoja.

Zamani vipande hivyo vilitengenezwa kwa risasi, na vingine vingali hivyo. Risasi ni sumu. Usiviguse kisha ukala chakula, na vikidondoka visiachwe uwanjani wanapochezea watoto. Siku hizi vingi hutengenezwa kwa chuma au zinki.

Kukikagua kipimo chenyewe

Je, tutajuaje kwamba kifaa kinasema kweli? Huenda kichwa chake kimepinda au pimamaji imelegea. Katika hali hiyo fundi atabandika uzito mahali ambapo hapakuhitajiwa, na gari litatetemeka kuliko mwanzo.

Mwashi hufanya hivi: hulaza pimamaji ukutani, husoma kiputo, kisha huigeuza ncha kwa ncha na kusoma tena mahali pale pale. Ukuta haukubadilika. Kwa hiyo masomo mawili yakihitilafiana, kasoro imo katika pimamaji. Fundi wa magurudumu naye huweza kufanya vivyo hivyo. Hutia alama ya chaki kwenye tairi, mahali kiputo kilipoelekea, na alama ya pili kwenye kichwa cha kifaa. Kisha huinua gurudumu, huligeuza nusu duara, na kulilaza tena bila kukigusa kichwa. Kiputo kikiifuata alama ya tairi, gurudumu ndilo lisilo sawa. Kikibaki kwenye alama ya kichwa, kifaa ndicho chenye kosa. Kazi hii huchukua dakika mbili tu, nayo huachwa na mafundi wengi.

Jambo lisiloonekana kwa kiputo

Rudi kwenye gurudumu la baiskeli ulilolisawazisha. Bandika kipande cha udongo juu ya ringi, ubavu wa kushoto. Bandika kingine kilicho sawa nacho chini ya ringi, ubavu wa kulia. Liache gurudumu: halina upande unaotafuta chini. Sasa lizungushe kwa kasi, ukishika uma wa baiskeli kwa mkono mmoja. Utasikia uma unatikisika kushoto na kulia.

Gurudumu hili liko sawa likitulia, lakini haliko sawa likizunguka. Kiputo hakiwezi kugundua kasoro hii, kwa sababu hupima gurudumu lililotulia. Katika gereji za mijini kuna mashine inayolizungusha gurudumu na kuonyesha uzito unaohitajika kila ubavu. Kwa gurudumu jembamba, kipimo cha kiputo hutosha mara nyingi. Kwa tairi pana, au gari liendalo kasi kwenye barabara kuu, ni vema kwenda kwenye mashine.

Na ikiwa magurudumu yamesawazishwa na usukani ungali unatetemeka, kuongeza vipande si dawa. Kagua kama ringi imepinda kwa kugonga mawe, kama tairi lina uvimbe, kama beringi zimelika, au kama nati zimelegea. Tairi lenye uvimbe liondolewe siku hiyo hiyo.

Maswali na kazi

1. Katika Jaribio la 1, kwa nini hatukutumia gurudumu la nyuma?

2. Kiputo kimeelekea upande wa kaskazini wa gurudumu lililolazwa. Upande mzito uko wapi? Kipande cha uzito kiwekwe wapi?

3. Udongo fulani huivuta ekseli kwa nguvu ya kilo 2 gari likienda kilomita 30 kwa saa. Nguvu hiyo itakuwa kiasi gani kwa kilomita 60 kwa saa?

4. Azima pimamaji ya mwashi, ulaze juu ya meza ya darasa. Soma, igeuze, kisha usome tena. Je, inasema kweli?

5. Baada ya mvua, tazama ndani ya ringi za gari lililosimama mahali salama karibu na shule yako, ukiwa pamoja na mwalimu. Chora picha ya ringi moja, uonyeshe tope lilipoganda. Kisha eleza dereva atahisi nini baada ya kuvuka Mombo.