Mvi Hazipandishi Bima, Mjukuu Je?

*Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 71, naishi Kimara. Nina Toyota RAV4 niliyoinunua kwa kiinua mgongo, na tangu niinunue sijagonga hata kuku. Mwanangu aliyeko Uingereza ananiambia madereva wazee wanatozwa bima ghali mno, kwa hiyo niache kuendesha. Binti yangu wa hapa Dar anasema nikate bima kubwa, naye atanichangia. Mimi miaka yote nimekata bima ndogo, na pensheni yetu mnaijua. Bima inaisha mwezi ujao. Nimsikilize nani? Gari natumia kwenda kanisani, kliniki na sokoni. Jioni mjukuu wangu hulitoa kidogo kwa teksi ya mtandao, tunapata hela ya mafuta.*
*— Mwalimu M., Kimara*

Shikamoo Mwalimu.

Mwanao hajakudanganya, ila amekuletea habari za huko aliko. Uingereza kampuni ya bima humtazama dereva kwanza: umri wake, mtaa anaoishi, ajali alizowahi kupata. Dereva akishaingia miaka ya sabini bei huanza kupanda, na akitimiza 70 leseni yenyewe huiomba upya kila baada ya miaka mitatu. Huku kwetu kinachotazamwa ni gari, yaani thamani yake na kazi linayofanya. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000 kabla ya VAT, uwe na miaka 30 au 71. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT juu yake. Mvi zako hazimo kwenye hesabu hiyo. Tena ukisoma mikataba utakuta anayezitia kampuni wasiwasi ni kijana mwenye leseni changa, huyo ndiye anayeongezewa sehemu ya hasara ya kubeba mwenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwa mjukuu, uliyemweka mwisho wa barua kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Bima unayoikata wewe ni ya gari binafsi. Imeandikwa kwa matumizi ya nyumbani na ya kijamii: kanisani, kliniki, sokoni, shamba, msibani. Mtu mwingine anaweza kuliendesha kwa ruhusa yako, mradi ana leseni halali, na mjukuu kukupeleka hospitali si tatizo kabisa. Abiria akishakaa kiti cha nyuma kwa nauli, mambo yanageuka. Gari sasa linafanya biashara ambayo kampuni haikuambiwa, wala haikulipwa kwa ajili yake. Siku mjukuu akigonga bodaboda pale Ubungo saa nne usiku, kampuni itauliza gari lilikuwa linafanya nini, na simu yake yenyewe itajibu, kwa sababu kila safari ya mtandao ina saa na njia iliyopita. Kampuni ina haki ya kukataa kukulipa. Hata pale sheria inapoibana imlipe aliyeumia, inaweza kukugeukia wewe uirudishie fedha zake.

Na wewe ndiye utakayetafutwa, Mwalimu. Mjukuu hana cha kukamatwa. Mwenye gari na mwenye nyumba Kimara ni wewe.

Njia ni mbili. Ama jioni gari lilale nyumbani, ama liandikishwe rasmi kuwa la biashara, kwa leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya kubeba abiria, ambayo ni ghali kuliko hiyo yako ya sasa. Ukichagua njia ya pili, mjukuu ailipie kwa mapato yake. Akikuambia mapato hayatoshi kulipia bima, basi umekuwa ukimkodishia kiinua mgongo chako kwa bei ya lita chache za petroli. Mimi ningelirudisha gari nyumbani. Kijana akitaka kazi hiyo atafute gari la mkataba kama wenzake.

Tuseme limerudi. Sasa tunaweza kuzungumza na binti.

Bima ndogo humlipa yule uliyemdhuru, wewe haikupi kitu. Gari lako likiibwa, likiungua au likitumbukia mtaroni, hasara ni yako peke yako. Muulize wakala wako pia bima hiyo inasema nini kuhusu watu waliomo ndani ya gari lako mwenyewe, maana wengi hudhani wajukuu waliokaa nyuma wamekingwa, kumbe imewalenga walio nje. Bima kubwa huongeza kinga ya gari lako. Kama RAV4 hiyo ina thamani ya milioni 12, asilimia 3.5 ni 420,000 kabla ya VAT. Tofauti na ulichozoea ni shilingi 320,000 kwa mwaka, nayo kabla ya VAT. Si hela ndogo kwa mstaafu, lakini jiulize swali moja tu: likipotea kesho, utanunua lingine kwa kitu gani? Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Ningekuwa wewe ningepokea mchango wa binti na kukata bima kubwa. Kama gari limechakaa hadi thamani yake ni milioni tatu au nne, ningebaki na ndogo. Ipo pia ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo. Uiulizie, hasa kampuni ikisita kukukatia kubwa kwa sababu ya umri wa gari. Maana umri wa gari, huo wanautazama sana.

Kuna mtego kwenye thamani. Wengi huiandika ndogo ili walipe kidogo. Gari la milioni 12 ukiliandikisha kwa milioni nane, umelikatia bima theluthi mbili tu. Ukipata hasara ya milioni tatu, na mkataba una kifungu cha uwiano, utalipwa milioni mbili, tena kabla hawajakata ile sehemu yako ya kubeba mwenyewe. Kuikuza thamani nako hakusaidii, kwa sababu wakati wa fidia hutazamwa bei ya soko ya siku hiyo. Mwite mthamini alikague. Na ukishakuwa na bima kubwa, usikimbilie kudai kila kioo cha pembeni kilichoibwa Kariakoo. Mwaka usiodai hukupa punguzo, na kioo kimoja chaweza kukugharimu punguzo hilo.

Umetaja kliniki, hukusema ni ya nini. Kama ni macho au sukari, iandike kwenye fomu ya bima ukiulizwa. Ugonjwa uliotajwa mara nyingi hausumbui, uliofichwa ndio huibuka siku ya madai. Kama taa za magari yanayokuja zimeanza kukutawanyikia usiku, endesha mchana tu. Hilo si la bima, ni la uhai wako na wa watembea kwa miguu wa Barabara ya Morogoro. Tazama na tarehe ya leseni. Ni ya miaka mitano, na ukiendesha ikiwa imekwisha unaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa bila jasho.

Ukilipa, lipa kwa kampuni yenyewe au kwa namba ya malipo uliyopewa na mfumo, usimtumie wakala kwenye simu yake binafsi. Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama bima yako imo. Bima feki haijali kama uliinunua kwa nia njema. Ajali ikitokea, usikiri kosa wala usiandikishane deni na mtu barabarani. Ita trafiki, kisha ijulishe kampuni mapema. Na kampuni ikikukatalia madai halali, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo wateja wengi hawajui hata kama ipo.

Haya ya bima yanaweza kusubiri hadi mwezi ujao. Ufunguo wa jioni, Mwalimu, uchukue leo.