Nani aliyemletea mtoto kikohozi?

Hebu tuanze na jambo ambalo daktari yeyote wa Malindi au Kilifi amelishuhudia mara nyingi. Mama anaingia amembeba mtoto wa miezi mitatu. Mtoto anakohoa, pua imeziba, anahema haraka na ziwa halinyonyi sawasawa. Mama anauliza: "Daktari, mtoto huyu simtoi nje. Hajafika sokoni wala hajapanda matatu. Ugonjwa huu ameupata wapi?"

Wengi hulaumu baridi ya usiku au maji ya kuogea. Lakini mara nyingi jibu limeketi papo hapo kwenye benchi: kaka wa miaka saba, aliyevaa sare ya shule, anavuta kamasi.

Miongoni mwa virusi vinavyowashambulia watoto wachanga kifuani, vya RSV ni vya mbele kabisa. Karibu kila mtoto huambukizwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima huwa ni mafua tu. Kwa mtoto wa miezi michache, vijia vyembamba vya hewa ndani ya mapafu huvimba na kujaa makamasi, naye akakosa pumzi. Isitoshe, kuugua mara moja hakuleti kinga ya kudumu, kwa hiyo virusi hivyo huzunguka kila mwaka.

Hapa Kilifi, RSV kwa kawaida huanza kuenea mwishoni mwa mwaka na kuendelea miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Huo ni wakati wa kaskazi, wakati wa joto. Basi baridi haina hatia hapa. Hatia ni ya watu kukaribiana.

Ni nani hasa?

Mwishoni mwa 2009 hadi katikati ya 2010, watafiti wa Kilifi walizifuata nyumba 47 zenye mtoto mchanga na ndugu zake wakubwa. Mara mbili kwa wiki walichukua makamasi ya puani kwa kila mtu wa nyumba, awe mgonjwa au mzima. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba mara nyingi mtoto mchanga aliyeambukizwa nyumbani alitanguliwa na ndugu yake mkubwa.

Hizo ni nyumba 47. Je, mji mzima na vijiji vyake? Hatuwezi kumfuata kila mtu na pamba ya kupimia. Wala wastani peke yake hautoshi. Utafiti mwingine wa Kilifi uliwaomba watu waandike kila waliyekutana naye, na ikaonekana kwamba mtu mmoja hukutana na watu kama 18 kwa siku. Lakini 18 wa mwanafunzi aliyebanana na wenzake dawatini si 18 wa mvuvi, wala si wale wachache wanaompakata mtoto mchanga. Ukiwachanganya wote, unapoteza kile hasa ulichotaka kujua.

Mji ndani ya kompyuta

Hapo ndipo wataalamu hutumia modeli ya mtu mmoja mmoja. Huunda watu wa kubuni ndani ya kompyuta, kila mmoja na umri wake, nyumba yake, na shule yake kama anasoma. Kisha humpa kila mmoja kanuni chache: asubuhi mwanafunzi huenda darasani, jioni hurudi nyumbani, aliye karibu na mgonjwa anaweza kuambukizwa au kunusurika, aliyepona hupata kinga kwa muda, kisha kinga hupungua. Virusi huingizwa, siku zikaanza kuhesabiwa.

Fikiria mchezo wa bao. Kanuni ya kusambaza kete ni rahisi: chota, tia moja moja katika kila shimo. Hata hivyo fundi wa bao hawezi kuutazama ubao na kukwambia papo hapo mchezo utaishaje. Ni lazima uchezwe. Maradhi ni vivyo hivyo, na kwa kuwa bahati nayo ina nafasi yake, kompyuta huurudia mchezo mara nyingi ili kuona lipi hutokea zaidi.

Modeli ya namna hii kuhusu RSV, iliyotumia takwimu za Kenya zikiwemo za Kilifi, ilichapishwa 2015. Katika kila watoto wachanga 100 walioambukizwa, 39 hivi walipata virusi nyumbani mwao. Na kati ya maambukizo hayo ya nyumbani, asilimia 55 hivi yalitoka kwa watoto wa umri wa kwenda shule.

Kisha wakauliza: tukiwachanja wanafunzi kila mwaka, itakuwaje? Modeli ikajibu kwamba katika miaka 10 maambukizo ya watoto wachanga yangepungua kwa asilimia 35.6. Kuwachanja wachanga wenyewe kungeyapunguza kwa asilimia 41.5. Yaani unaweza kumkinga mtoto kwa kiasi kikubwa bila kumgusa, kwa kumkinga kaka yake.

Lakini tahadhari, msomaji. Modeli si ramli. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba kinga ya chanjo ingelingana na ile ya kuugua na kudumu miezi 6. Badilisha dhana, na jibu hubadilika. Faida yake ni kukuonyesha mahali pa kutazama.

Ufanye nini nyumbani?

Mwenye mafua, hasa mwanafunzi, asimbusu wala kumpumulia mtoto mchanga usoni. Akirudi shule au chuoni, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na usimweke karibu na moshi wa kuni au sigara.

Usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Haziui virusi. Badala yake hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, ni hatari. Pia ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, midomo inageuka buluu, anashindwa kunyonya, analegea au anapata degedege, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Tangu 2023 nchi kadhaa zimeidhinisha chanjo ya RSV kwa wajawazito, ambayo humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa, na Shirika la Afya Duniani sasa linaipendekeza. Ukienda kliniki ya wajawazito, iulizie.

Na yule kaka wa miaka saba? Usimgombeze. Naye aliletewa na mwenzake. Mfundishe tu kunawa mikono kabla hajambeba mdogo wake.