Tumfahamu Rottweiler: Mbwa Mlinzi na Dhamana ya Mwenye Mbwa

Katika mikutano yetu ya polisi jamii swali moja hutujia mara kwa mara: tufuge mbwa gani ili wezi watuogope? Wengi huwa wamekwisha kuchagua kabla ya kutuuliza, nao humtaja Rottweiler. Hatuwakatazi, kwani ni mbwa hodari. Hata hivyo, wanaoumwa na mbwa wa ulinzi si wezi peke yao. Wamo watoto waliofuata mpira uani, vijana wa bodaboda walioleta mzigo, na majirani waliopita langoni likiwa wazi. Kwa hiyo tumeona vema somo la toleo hili limhusu mnyama huyo, na zaidi limhusu mtu anayemfuga.

Asili yake

Jina lake latokana na mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Inaaminika kwamba wazazi wake wa kale walifika huko pamoja na majeshi ya Warumi, wakiswaga ng'ombe waliokuwa chakula cha askari. Karne nyingi baadaye wachinjaji wa mji huo walimtumia kuongoza mifugo, kulinda mali na kukokota mikokoteni. Reli ilipoanza kusafirisha ng'ombe, kazi yake ilikwisha na idadi yake ikapungua sana. Aliyemrudishia heshima ni polisi: mwaka 1910 alitambuliwa rasmi nchini Ujerumani kuwa mbwa wa kazi ya polisi.

Historia hiyo ina funzo. Huyu ni mbwa aliyekuzwa kwa vizazi vingi afanye kazi kando ya binadamu, akisikiliza sauti yake mchana kutwa. Hakuumbiwa upweke.

Umbile na tabia

Dume hufikia kimo cha sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa kilo 50 hivi. Jike huwa na sentimita 56 hadi 63 na kilo 42 hivi. Manyoya yake ni mafupi na meusi, yenye mabaka ya hudhurungi juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni. Kichwa ni kipana na taya zina nguvu nyingi.

Rottweiler aliyelelewa vizuri ni mtulivu. Hambwekei kila apitaye. Humtazama mgeni kwanza, akapima mwenendo wake. Huwapenda sana watu wa nyumbani na hujifunza upesi. Lakini ana ukaidi wake, na asipopata kiongozi mwenye msimamo hujifanyia uamuzi mwenyewe. Uamuzi mbaya wa mnyama wa kilo 50 hauna marekebisho.

Malezi ya mwanzo

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mamaye kabla ya wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndipo akili yake hupambanua kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogofya. Katika muda huo aonyeshwe watoto, wazee wenye mikongojo, pikipiki, mvua juu ya mabati, na wageni wanaoingia kwa amani. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, abebwe mikononi, wala asiachwe kuzurura walipo mbwa wasiojulikana.

Wapo wanaomficha mbwa asione watu, wakidhani ndivyo atakavyokuwa mkali. Wapo wanaompiga, wanaomnyima chakula, au wanaomfunga mnyororo mfupi usiku na mchana. Mbwa wa namna hiyo hapati ukali wa ulinzi, hupata hofu. Na mbwa mwenye hofu hamtofautishi mwizi na mtoto. Mbwa wa polisi hutegemewa kwa sababu humtii mwelekezi wake: huanza anapoamriwa, na huacha anapoamriwa. Mbwa asiyejua kuacha si mlinzi.

Afundishwe basi kuketi, kungoja, kuja anapoitwa na kutembea na kamba bila kuvuta. Atuzwe anapotii. Kila mtu mzima wa nyumbani, pamoja na mlinzi wa usiku, atumie maneno yaleyale ya amri.

Chakula na afya

Mbwa huyu hukua haraka, na mifupa yake huelemewa akinenepeshwa. Posho tupu haimtoshi. Achanganyiwe nyama au mukene, na mfugaji amuulize daktari wa mifugo kiasi kinachofaa. Mdogo alishwe mara 3 au 4 kwa siku, mkubwa mara 2. Asipewe mlo mmoja mkubwa wala asikimbizwe mara baada ya kula, kwani tumbo lake huweza kujaa gesi na kujisokota. Tumbo likivimba ghafla, naye akijaribu kutapika bila kutoa kitu, apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana hupasuka na kuchoma utumbo.

Maji safi na kivuli ni lazima kila siku, kwa kuwa joto humdhuru. Matembezi yafanywe alfajiri au jioni. Mfugaji atazame nyonga zake, kwani aina hii ina udhaifu huko. Ugonjwa wa parvo huwashika vibaya Rottweiler wachanga, kwa hiyo chanjo zao zisicheleweshwe. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Kadi ya chanjo ihifadhiwe vizuri.

Dhamana kwa jirani

Mbwa akijeruhi mtu, mwenye mbwa ndiye anayeulizwa, naye aweza kushtakiwa au kudaiwa fidia. Ukuta uwe imara na lango lijifunge lenyewe. Tangazo la kuwepo kwa mbwa liwekwe mahali panaposomeka. Mchana awe ndani ya banda pana lenye kivuli, na nje ya boma atembezwe kwa kamba na mtu mwenye nguvu za kumzuia. Mtoto mdogo asiachwe naye peke yake, hata kama wamelelewa pamoja.

Mtu akiumwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe pilipili, mafuta wala majani. Majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo, kwa maana dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza mgonjwa hufa karibu kila mara. Mbwa asiuawe kwa hasira, bali afungiwe na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Taarifa ifikishwe kwa mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi. Mwenye mbwa asimfiche mnyama wake. Kumficha ni kuhatarisha maisha ya mwenziwe.

Kabla ya kununua, kila mmoja ajiulize: ninayo nafasi ya kutosha? Ninao muda wa kumfundisha kila siku? Ninazo fedha za chakula na daktari kwa miaka 9 au 10 ya maisha yake? Asiyeweza kujibu ndiyo mara tatu, heri aimarishe lango lake, aweke taa, na ajuane na majirani zake. Mwenye swali na afike kituoni, tutamsikiliza.